Jua la Utosini, Mwezi wa Chali

Vitabu vingi vya elimu ya anga tunavyosoma viliandikwa na watu waishio mbali kaskazini, au vilifuata mkondo wa vitabu vyao. Ndiyo maana mtoto wa Tanga au Kisumu hufundishwa misimu minne ambayo hajaiona, na huchorewa mwezi mwembamba uliosimama wima, ambao haujawahi kuonekana hivyo juu ya paa la kwao. Akitoka nje anakuta mambo mengine. Asipopata wa kumweleza, ataamua ama kitabu kinasema uongo, ama macho yake hayafai, na kwa vyote viwili atakuwa amekosea. Kanuni zinazoendesha Jua, Dunia na Mwezi ni zilezile kila mahali. Linalobadilika ni pale aliposimama mtazamaji. Sisi tumesimama jirani na Ikweta, na hapa mambo kadhaa ambayo kwingine huhitaji michoro mingi hujionyesha kwa kijiti kilichosimikwa uani.

Tuanze na kijiti hicho. Kisimike wima Dar es Salaam, nyuzi 6.8 kusini mwa Ikweta, ukitazame adhuhuri mwaka mzima. Kuanzia karibu na tarehe 10 Oktoba hadi karibu na tarehe 3 Machi, Jua la adhuhuri hupita upande wa kusini na kivuli huangukia kaskazini. Miezi iliyobaki mambo hugeuka: Jua liko kaskazini, kivuli kiko kusini. Katika siku mbili za mpaka, Jua hupita utosini na kijiti humeza kivuli chake chote. Mombasa siku hizo huwa karibu na tarehe 10 Machi na tarehe 3 Oktoba. Nairobi ni katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba. Hakuna mji wowote barani Ulaya unaoona jambo hili, hata siku moja katika mwaka.

Sababu yake ni mwinamo wa Dunia. Mhimili ambao Dunia inajizungusha juu yake umeinama nyuzi 23.4, na katika safari ya siku 365 na robo hivi ya kulizunguka Jua, mhimili huo huendelea kuelekea upande uleule wa anga. Kwa hiyo Juni nusu ya kaskazini ya Dunia ndiyo inayolielekea Jua, na Desemba ni zamu ya kusini. Mahali ambapo Jua liko utosini husafiri polepole kutoka nyuzi 23.4 kaskazini hadi nyuzi 23.4 kusini, kisha hurudi. Kila mji ulio katikati ya mipaka hiyo hupitiwa mara mbili.

Makka ni mmojawapo, na hapo elimu hii inakuwa na kazi ya mikono. Kila mwaka, tarehe 27 au 28 Mei saa sita na dakika 18 mchana, na tena tarehe 15 au 16 Julai saa sita na dakika 27, Jua huwa juu ya Kaaba kabisa. Saa za Saudi Arabia na za Afrika Mashariki ni zilezile. Mtu yeyote anayeliona Jua katika dakika hiyo, awe Bagamoyo, Bujumbura au Muscat, akiuelekea upande wa Jua ameielekea kibla. Msikiti unaojengwa kijijini unaweza kupata mwelekeo wake kwa kamba, timazi na kivuli, bila dira wala simu, na kwa usahihi ambao dira ya kawaida haiufikii, kwa kuwa sindano ya dira hufuata sumaku ya Dunia, ambayo haielekei kaskazini halisi.

Mwinamo huo ndio unaoleta misimu, na hapa kuna swali linaloulizwa kila mwaka joto linapopamba moto: je, Januari kuna joto kwa sababu Dunia imelikaribia Jua? Vitabu hujibu hapana, na kwa Ulaya jibu linatosha. Mwanzoni mwa Januari Dunia huwa kilomita milioni 147.1 kutoka kwenye Jua, mwanzoni mwa Julai milioni 152.1, na bado Januari ndiyo baridi kali ya huko. Kwa mtu wa Ikweta jibu hilo halijakamilika. Tofauti ya umbali, ambayo ni asilimia tatu na kidogo, huufanya mwanga wa Januari uzidi wa Julai kwa karibu asilimia 7. Mwinamo wa Dunia nao, juu ya mstari wa Ikweta, hupunguza mwanga wa Juni na wa Desemba kwa takribani asilimia 8 ukilinganisha na Jua la utosini, lakini hupunguza sawasawa katika miezi yote miwili. Basi katika miji iliyo juu ya Ikweta, kama Nanyuki au Mbandaka, tofauti ya nguvu ya Jua kati ya Desemba na Juni hutokana na umbali, wala si mwinamo. Dar es Salaam vyote viwili huvuta upande mmoja. Sioni sababu ya kumficha mwanafunzi hesabu hii. Anayeishi Ikweta ana haki ya kupewa jibu la Ikweta.

Hata hivyo misimu yetu haifuati mwanga peke yake. Hufuata upepo, na upepo hufuata mahali Jua lilipo. Nchi kavu hupata joto haraka kuliko bahari. Jua likiwa kaskazini, Juni hadi Agosti, bara kubwa la Asia huchemka, hewa yake hupanda, na hewa ya Bahari ya Hindi huvutwa kuelekea huko: huo ndio upepo wa kusi. Desemba hadi Machi Asia imepoa, mkondo unageuka, na kaskazi inavuma. Majahazi ya Oman, ya Ghuba na ya Gujarati yalishuka pwani ya Afrika na kaskazi yakarudi na kusi kwa karne nyingi, na miji kama Lamu, Mombasa na Kilwa ilinenepa kwa upepo huo. Ukitafuta chanzo cha biashara hiyo utafika kwenye zile nyuzi 23.4. Mvua nazo zimo. Ukanda wa hewa ipandayo hulifuata Jua la utosini kwa kuchelewa wiki kadhaa, ukipita kwetu kwenda kaskazini wakati wa masika na kurudi kusini wakati wa vuli. Songea na Mbeya, zilizo kusini zaidi, huuona ukienda na kurudi katika muda mfupi, ndiyo maana mvua zao huungana kuwa msimu mmoja kati ya Novemba na Aprili. Joto la Bahari ya Hindi huvuruga mpango huu mwaka hadi mwaka, na mkulima anajua hasara yake. Ila mpango wenyewe ni wa Jua.

Kuhesabu saa kwetu pia ni zao la mahali tulipo. Saa moja asubuhi ni saa ya kwanza baada ya macheo, na hesabu hiyo inafaa mwaka mzima kwa sababu Jua letu halitangitangi. Dar es Salaam siku ndefu kuliko zote huizidi fupi kuliko zote kwa muda usiofika saa moja. London mchana wa Juni hupita saa 16 na nusu, na wa Desemba haufiki saa 8. Huko hesabu ya macheo ingevunjika ndani ya wiki chache.

Lakini Jua la kwetu nalo lina mwendo wake wa siri. Mkazi wa Nairobi anayeamka mapema ameshaona kwamba mwanzoni mwa Novemba Jua huchomoza takribani saa kumi na mbili na dakika 10, ilhali katikati ya Februari huchelewa hadi karibu saa kumi na mbili na dakika 40. Urefu wa mchana haukubadilika. Mchana wote umesogea, macheo na machweo pamoja. Hapa kuna mambo mawili yanayofanya kazi kwa wakati mmoja. Njia ya Dunia kulizunguka Jua si duara kamili, hivyo Januari Dunia hukimbia kilomita 30.3 kwa sekunde na Julai hupungua hadi 29.3. Tena, kwa ajili ya mwinamo, mwendo wa Jua kuelekea mashariki kati ya nyota haulingani miezi yote. Vikijumlishwa, Jua la Novemba hutangulia saa ya ukutani kwa dakika 16 na la Februari huchelewa kwa dakika 14. Kaskazini mwa Dunia jambo hili humezwa na mabadiliko makubwa ya urefu wa mchana. Kwetu liko wazi.

Umbali kutoka mashariki hadi magharibi huongeza lake. Kigoma iko nyuzi karibu kumi magharibi mwa Dar es Salaam, na Dunia huchukua dakika 4 kuzunguka uzi mmoja, hivyo Jua la Kigoma huchelewa karibu dakika 40, ingawa saa za miji yote miwili husomeka sawa. Anayefuturu Kigoma kwa adhana ya redio ya Dar es Salaam amefuturu Jua likiwa bado juu.

Sasa Mwezi. Mwezi mchanga unaoandama juu ya Zanzibar hulala chali, ncha zake mbili zikitazama juu, mithili ya mtumbwi. Upande wa Mwezi unaong'aa ndio unaolielekea Jua, na karibu na Ikweta Jua huzama likishuka karibu wima, hivyo linapokuwa limeingia chini ya upeo wa macho huumulika Mwezi kutokea chini. Kaskazini Jua huzama kwa mshazari na kuumulika kwa ubavu, ndipo Mwezi wao ukasimama. Wakati wowote nusu nzima ya Mwezi ina mwanga. Tunachokiona kikikua na kupungua ni kiasi cha nusu hiyo kilichotuelekea. Watu wengi hudhani ni kivuli cha Dunia kinachoukata Mwezi. Dhana hiyo hupimwa kwa jioni moja tu: Mwezi ukiwa nusu, karibu na utosini, Jua linazama magharibi. Kivuli cha Dunia daima huanguka upande ulio mkabala na Jua, yaani mashariki. Hakiwezi kuufikia Mwezi ulio utosini.

Mwezi huizunguka Dunia kwa siku 27.3, lakini kutoka mwandamo hadi mwandamo ni siku 29.5 hivi, kwa sababu wakati Mwezi ukizunguka, Dunia nayo imesonga mbele kando ya Jua, na Mwezi unahitaji siku mbili za nyongeza kulifikia Jua tena. Miezi kumi na miwili ya namna hiyo hutimiza siku 354, pungufu ya mwaka wa Jua kwa siku 11. Ramadhani hutembea hivyo kupitia masika, kipupwe, vuli na kiangazi, ikirudi pale ilipokuwa baada ya miaka 33 hivi. Kalenda ya namna hii haimwambii mkulima lini apande wala nahodha lini atweke. Ndiyo sababu Waswahili walikuwa na mwaka wa pili, wa Jua, ulioanzia Nairuzi, siku ya mwaka mpya, na kuhesabiwa kwa miongo, yaani kumi kumi za siku. Mwaka Kogwa wa Makunduchi, unaosherehekewa Julai, ni mabaki hai ya hesabu hiyo. Kuwa na kalenda mbili, moja ya ibada na moja ya kazi, kulihitaji watu wanaojua vyema mwendo wa Jua na wa Mwezi, na wazee wetu hawapewi heshima ya kutosha kwa hilo.

Mwandamo wenyewe huleta mabishano kila mwaka, na nadhani sehemu kubwa ya mabishano hutokana na kuchanganya maswali mawili. Dakika ambayo Mwezi hupita upande wa Jua inajulikana kwa hesabu miaka mingi mbele, bila shaka yoyote. Kuonekana kwake ni jambo jingine. Kwa kila saa Mwezi hujitenga na Jua kwa nusu ya uzi tu. Ukiwa umejitenga chini ya nyuzi 7 hivi, hakuna ukingo wa mwanga wa kuonekana, na kwa kawaida macho matupu hayauoni mpaka zipite saa 15 au zaidi. Zaidi ya hapo kuna ukungu, wingu la upeoni na nguvu ya macho. Kwa kuwa kila anayekaa magharibi huzamiwa na Jua baadaye, huupata Mwezi ukiwa mkubwa kidogo. Ndiyo maana inawezekana kwa haki kabisa uonekane Dakar na usionekane Lamu jioni ileile. Hesabu ina uwezo wa kusema kwa uhakika lini Mwezi hauwezi kuonekana, na hivyo kuchuja ushahidi wa aliyeona kisichokuwepo. Kufuata mwandamo wa mjini kwako au wa nchi nyingine ni suala la fikihi, na darubini haina neno hapo.

Kazi kubwa ya Mwezi, hata hivyo, tunaiona baharini. Mwanamke wa Paje au Jambiani anayelima mwani, na mvuvi wa pweza anayetembea juu ya miamba, hupanga mwezi wao wote kwa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo. Mwezi huuvuta upande wa Dunia ulio karibu nao kwa nguvu zaidi kidogo kuliko kitovu cha Dunia, na kitovu kwa nguvu zaidi kidogo kuliko upande wa mbali. Tofauti hiyo huyatuna maji pande mbili, upande wa Mwezi na upande wa nyuma, na Dunia ikizunguka ndani ya matuta hayo mawili, pwani hupata kujaa mara mbili na kupwa mara mbili. Na kwa kuwa Mwezi nao husogea kila siku, kujaa kwa leo huchelewa takribani dakika 50 kuliko kwa jana.

Jua nalo huvuta. Mvuto wake juu ya Dunia unaushinda wa Mwezi mara 180 hivi, lakini katika maji nguvu yake haifiki nusu ya ile ya Mwezi. Linalohesabika hapa ni tofauti ya mvuto kati ya upande wa karibu na upande wa mbali, na kwa kitu kilicho kilomita milioni 150, upana wa Dunia si kitu. Mwezi uko kilomita 384,400 tu. Wakati wa mwezi mwandamo na mwezi mpevu, Jua na Mwezi huvuta katika mstari mmoja, nayo bamvua huja, kwa kawaida siku moja au mbili baadaye. Katika pwani ya Zanzibar na Dar es Salaam, tofauti ya kujaa na kupwa hufikia karibu mita nne. Mwezi ukiwa nusu, huvuta kwa pembe mraba na Jua, na maji huwa mafu. Machi na Septemba, Jua linapokuwa juu ya Ikweta, bamvua huwa kubwa kuliko zote.

Kuna jambo moja ambalo kila mtu wa pwani analijua, nami nimelikuta limeelezwa katika vitabu vichache mno. Siku za bamvua, Dar es Salaam na Zanzibar, maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu saa nne, asubuhi na usiku. Daima. Bamvua haiji na kupwa kwa adhuhuri. Sababu ni kwamba bamvua hutokea Mwezi ukiwa katika nafasi ileile kwa kulinganishwa na Jua, na saa zetu huhesabiwa kwa Jua. Basi nafasi ileile huleta saa ileile. Mwanya wa muda wa saa nne kati ya Mwezi kupita utosini na maji kujaa ni wa pwani hii: maji hayawezi kuukimbilia Mwezi papo hapo, kwani yana kina cha kupita, mabara ya kuzunguka na mwendo wake wenyewe. Bandari nyingine ina mwanya wake. Mlima mwani anayejua kwamba bamvua itamfungulia shamba lake asubuhi ya saa nne, Jua likiwa bado na huruma, anaijua kanuni hii kwa mwili wake kuliko anayeikariri darasani.

Msuguano wa maji hayo na sakafu ya bahari unaipunguzia Dunia mwendo wa kujizungusha, kwa kiasi kidogo mno, na Mwezi unapokea mwendo huo na kwenda mbali. Wanaanga wa Apollo 11 waliacha juu ya Mwezi mwaka 1969 vioo vya kurudisha mwanga, na miale ya leza inayorushwa huko imeonyesha kwamba Mwezi hujitenga nasi kwa sentimita 3.8 kila mwaka.

Tukitoka kwenye Dunia na Mwezi, umbali hubadilika kiasi kwamba tarakimu hazimwambii mtu kitu. Chukua boga la upana wa sentimita 30 liwe Jua. Dunia itakuwa punje ya uwele iliyo hatua thelathini na kitu kutoka kwenye boga, mita 32, na Mwezi chembe ya mchanga iliyo sentimita 8 kutoka kwenye punje. Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote, ni ndimu ndogo iliyo mita 168. Neptuni iko karibu kilomita moja. Nyota iliyo jirani zaidi na Jua ingekuwa boga jingine, dogo, lililo zaidi ya kilomita 8,600, mbali kuliko kutoka Dar es Salaam hadi London. Boga lile la kwanza limebeba zaidi ya asilimia 99.8 ya vitu vyote vilivyomo katika familia hii. Sayari zote na miezi yake ni masalio.

Sayari tano huonekana kwa macho matupu: Zebaki, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Zuhura ndiyo nyota ya alfajiri na ndiyo nyota ya jioni, na kwamba haionekani kamwe usiku wa manane ni ushahidi kuwa njia yake iko ndani ya njia ya Dunia: haiwezi kujitenga na Jua zaidi ya nyuzi 47. Uzuri wake wa mbali unaficha joto la zaidi ya nyuzi 460 za Selsiasi, kuliko hata Zebaki iliyo karibu zaidi na Jua, kwa sababu hewa yake nzito ya kaboni dayoksaidi hairuhusu joto litoke. Anayezungumza juu ya hali ya hewa ya Dunia asiisahau Zuhura. Mshtarii ukiutazama kwa darubini ndogo ya macho mawili, iliyotulizwa juu ya ukuta, utaona vinukta vinne kando yake. Ni miezi ile aliyoiona Galileo Galilei mwaka 1610, na kuona kwake kwamba kuna vitu visivyoizunguka Dunia kulitikisa elimu yote ya zamani. Pluto iliondolewa kwenye orodha ya sayari mwaka 2006, baada ya kugunduliwa kwamba ina wenzake wengi huko ng'ambo ya Neptuni.

Kuishi Ikweta kuna faida nyingine mbili za anga. Kwa mwaka mmoja, mtu wa hapa huziona karibu nyota zote, za kaskazini na za kusini. Mtu wa London hataiona Salibu ya Kusini maisha yake yote asiposafiri. Nyota ya Kaskazini kwetu imelala upeoni au iko chini yake. Manahodha waliotoka Uarabuni wakipima kimo chake kwa vidole waliiona ikishuka kadiri walivyokuja kusini, mpaka wakalazimika kutumia nyota nyingine. Faida ya pili ni mwendo. Ardhi ya Ikweta huzunguka kwa kilomita 1,670 kwa saa, na roketi inayorushwa kuelekea mashariki huanza safari ikiwa na mwendo huo bure. Kwa sababu hiyo Waitalia walijenga majukwaa yao ya San Marco baharini karibu na Malindi na kurusha setilaiti kutoka hapo kuanzia mwaka 1967. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, ilirushwa setilaiti ya Marekani iliyopewa jina la Uhuru, ya kwanza kutengenezwa mahususi kwa kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Vipimo vyake vilisaidia chanzo cha eksirei kiitwacho Cygnus X-1 kitambuliwe kuwa kina shimo jeusi. Inasikitisha kwamba vijana wengi wa pwani hiyo hawajawahi kuisikia habari hii.

Limebaki la kupatwa. Mwezi ni mdogo kuliko Jua mara 400, na Jua liko mbali mara 400, hivyo machoni vinalingana. Kupatwa kungetokea kila mwezi kama njia ya Mwezi isingeinama nyuzi 5. Kwa mwinamo huo Mwezi kwa kawaida hupita juu au chini ya Jua. Tarehe 3 Novemba 2013 watu wa Pakwach, Uganda, waliliona Jua likifunikwa lote kwa sekunde chache. Tarehe 1 Septemba 2016, Rujewa mkoani Mbeya, Mwezi ulikuwa mbali kidogo na haukutosha kulifunika, nayo ikabaki pete ya moto. Kupatwa kwa Mwezi huonekana na nusu nzima ya Dunia, kwa hiyo tumekuzoea zaidi: usiku wa tarehe 7 Septemba 2025 Mwezi ulikuwa mwekundu juu ya Afrika Mashariki kuanzia saa mbili na nusu hadi karibu saa nne, ukimulikwa na mwanga mwekundu uliopenya hewa ya Dunia na kupinda.

Jumatatu, tarehe 2 Agosti 2027, Jua litafunikwa lote juu ya Luxor, kwa zaidi ya dakika sita, kisha juu ya Jidda na Makka, Yemen na kaskazini mwa Somalia. Afrika Mashariki italiona limeliwa sehemu, mchana wa saa saba hadi alasiri, na kadiri mtu alivyo kaskazini ndivyo litakavyoliwa zaidi: Lamu kuliko Tanga, Tanga kuliko Mtwara. Walimu wana muda wa kujiandaa, na jambo la kwanza ni macho. Sehemu ya jicho inayounguzwa na Jua haina hisia ya maumivu, hivyo mtoto hatajua ameumia mpaka baadaye. Filamu ya eksirei, kioo kilichopakwa masizi, miwani ya giza na beseni la maji havikingi. Kadi iliyotobolewa tundu dogo kwa pini, ikishikwa juu ya karatasi nyeupe huku mtoto amelipa Jua mgongo, itachora Jua lililomegwa pale karatasini. Na chini ya mwembe, kila tundu la mwanga kati ya majani litafanya hivyohivyo, mamia ya hilali ndogo zikitapakaa ardhini kwa saa mbili nzima, bila gharama yoyote.